Kukatwa si Kukatika

Inspekta Mwanamina aliisoma karatasi ile mara tatu, na kila mara hasira ilimpanda ngazi moja. Mara ya kwanza ilifika kifuani. Mara ya pili ikafika kooni. Mara ya tatu ikatoka.

"Koplo Thuku."

"Madam."

"Hii taarifa nani kaiandika?"

"Ni mimi, madam."

"Kwa mkono au kwa mguu?"

Thuku alibakisha mwaka mmoja astaafu, na katika miaka yote ya kazi alikuwa hajaulizwa swali kama lile. Aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ndio utakaojibu.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi, na ndiyo sababu kila mtu kituoni alikwisha kukimaliza kichwani. Jana alfajiri jiko la Kaa Chonjo Loji, kule Dabaso, lililipuka moto. Mpishi mmoja, Baya, aliungua uso na mikono, na sasa alikuwa amelazwa Kilifi, kafungwa bandeji hata mdomo, hawezi kutamka neno. Mpishi mwenzake, Mwikali, alikutwa uani kando ya mtungi wa gesi, kisu mkononi, na kisu kina rangi ya machungwa kwenye makali. Mpira wa gesi ulikuwa wa rangi ya machungwa, na ulikuwa vipande viwili. Tena siku moja kabla, wawili hao waligombana mbele ya wageni, na Mwikali akasikika akimwambia mwenziwe, "Jiko hili litakuunguza."

Saa nane mchana Mwikali angesimamishwa mbele ya hakimu wa Malindi kwa shtaka la kujaribu kuua. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na robo asubuhi.

"Soma hapa," Mwanamina alisema, akiweka kidole katikati ya karatasi.

Thuku akasoma. "'Nilikata mpira mara ya kwanza na mara ya pili.' Amekiri, madam. Ameweka na kidole."

"Mtu anakata mpira wa gesi mara mbili? Wa kwanza alikuwa anajifunza?"

Thuku akaisoma tena karatasi.

"Mlete."

Mwikali aliletwa na aproni yake ile ile, imejaa masizi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Mariakani, mnene wa mikono kama mtu aliyesonga sima ya watu wengi kwa miaka mingi. Hakulia. Alikaa kama mtu aliyeudhiwa.

"Mama, mimi nimesema kila kitu jana," alisema. "Huyu baba aliandika, akaniambia weka kidole, nikaweka."

"Sema tena. Mimi masikio yangu ni mazito. Mligombania nini na Baya?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ndilo lilikuwa swali. Jiko lilikuwa linatema mafuta. Pale mpira unapoingia jikoni, ukifungua yanatoka, ya manjano, kama mkojo wa punda. Moto nao unakuwa mwekundu, unapiga masizi. Baya akasema mimi nakaanga kama mlevi, nayamwagia ndani. Mimi nikasema ni yeye. Ndiyo nikamwambia jiko hili litakuunguza. Nilikuwa ninamwonya, mama. Mtu ukimlaani humwambii jiko litakalofanya, unamwacha alikute."

"Meneja mlimwambia?"

"Mara mbili. Akasema mpira ni mpira, pikeni."

"Na mpira huo uliukata?"

"Mara ya kwanza nilikata. Ncha ya kule mtungini ilikuwa imekauka, gesi inavuja kwenye klipu. Meneja Eugene akaniambia kata urefu wa kidole, funga tena. Hiyo ina wiki mbili, na rangi ya mpira haijatoka kwenye kisu mpaka leo. Mara ya pili, jana, ukakatika. Mimi nilikuwa uani napara samaki. Nikasikia mlipuko, nikakimbilia mtungi nikaufunga. Nisingeufunga, mngekuwa mnauliza jivu maswali."

Mwanamina alimgeukia Thuku polepole, kama mtu anayegeuza chapati asiitake iungue.

"Amesema nini?"

"Amesema... amekata, madam. Halafu ukakatika."

"Wewe uliandika nini?"

Thuku aliitazama karatasi.

"Nilikuwa ninafupisha," alisema. "Kukata, kukatika, kwetu hizo ni kitu moja tu."

"Kwenu wapi? Nyumbani kwako sahani ikivunjika yenyewe mkeo anakubali kuwa kaivunja? Umekula herufi mbili, bwana. Herufi mbili tu. Na kwa herufi mbili huyu mama atakula maharagwe ya serikali mpaka meno yamwishe."

"Inaweza kuwa anadanganya," Thuku alisema, kwa sauti ndogo lakini alisema.

"Inaweza. Ndiyo maana Mungu hakuumba karatasi peke yake, aliumba na mpira. Lete gari."

* * *

Meneja Eugene aliwapokea langoni, shati la maua, viatu vimepigwa rangi, uso wa msiba aliokuwa ameufanyia mazoezi.

"Karibuni, Inspekta. Nilidhani tayari mna mtu."

"Mtu tunaye. Sasa tunatafuta kosa."

Eugene akacheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akaacha. Alieleza bila kuulizwa. Mpira ulikuwa wa gesi, halisi, una miezi minne tu tangu aununue. Hakuwahi kupokea malalamiko yoyote juu ya jiko. Kuhusu Mwikali na Baya, hao walikuwa kama paka na mbwa.

"Malalamiko yoyote?"

"Hata moja."

"Andika, Thuku. Maneno yote. Usifupishe."

Jikoni kulikuwa kweusi mpaka darini. Mwanamina alisimama mlangoni kwanza, akayaacha macho yazoee. Sufuria zilining'inia ukutani, na kila sufuria ilikuwa na tone la rangi nyekundu kwenye mkono wake. Mwiko una tone. Mbuzi ya kukunia nazi ina tone. Hata ndoo. Aliisugua moja kwa ukucha. Rangi ya kucha. Akajikuta anakaribia kutabasamu. Hivyo ndivyo wanawake wanavyotia alama vyombo vyao vikienda kwenye harusi ya watu, ili visije vikaolewa huko huko.

Mtungi ulikuwa uani. Mpira ulitoka mtungini, ukapita tundu la ukutani, ukashuka ndani hadi nyuma ya jiko. Ulikuwa umeachana pale pale ulipopinda kutoka kwenye tundu. Kipande cha ndani kiliungua. Cha nje kilikuwa kizima, karibu mita mbili na nusu, na uso wa ile ncha yake ulikuwa laini.

"Kama wembe," Thuku alisema. "Unaona, madam. Kitu kikikatika chenyewe kinachanika, kinatoa nyuzinyuzi. Hiki ni kisu."

Jambo lile lilimuudhi Mwanamina kwa sababu lilikuwa la kweli. Alipiga magoti nyuma ya jiko, akafungua pale mpira ulipoingilia, akatega kopo. Tone moja. La pili. Matone ya manjano, mazito, yakafuatana bila haraka. Alichovya kidole, akanusa. Si nazi. Si ya kupikia. Si ya taa.

"Nusa."

Thuku akanusa. "Inanuka kama... gari mpya."

"Kama kiti kipya cha tuktuk," Mwanamina alisema. "Kabla abiria hawajakikalia."

Alilifunga kopo, akaliandikia jina na saa, akatoka nje kwa hewa. Bustanini mzee mmoja alikuwa akimwagilia maua ya vilua. Mwanamina alipiga hatua mbili, akahisi kitu laini chini ya kiatu. Akatazama. Alikuwa ameukanyaga mpira wa maji. Wa rangi ya machungwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi Mwambire. Umenikatia maji, mwanangu, ondoa mguu."

"Samahani. Mpira huu mzuri. Umeletwa lini?"

"Siku moja na ule wa jikoni. Bunda lilikuwa moja. Meneja alikata wa jikoni, akanipa uliobaki." Mzee akatema mate pembeni. "Nilimwambia, huu umeandikwa maji. Akasema mpira ni mpira."

Hapo ndipo penye ubaya wa lugha yetu tamu. Mpira ni ule unaopigwa na watoto, mpira ni ule wa baiskeli, mpira ni bomba la kumwagilia, mpira ni ule unaoleta moto jikoni. Na huo wa bustani wala si mpira kamwe. Ni plastiki tupu. Lakini ukiupa jina la ndugu yake, nani atakuuliza kitambulisho?

Mwanamina aliuinamia. Kila baada ya mita moja kiwanda kilikuwa kimepiga mstari mweusi na nambari, ili muuza duka apimie bila kuhangaika. Mistari ile ile aliiona kwenye kipande cha jikoni.

"Thuku, tepu."

Thuku akapima mpira wa bustani, mstari hadi mstari. Sentimita mia moja. Wakaenda uani, akapima wa jikoni, mstari hadi mstari. Akakunja uso. Akapima tena. Akaigeuza tepu, akaipima kutoka upande wa pili, kama mtu anayemshuku karani wa sokoni.

"Tisini na tatu," alisema.

"Umekula na sentimita?"

"Madam, njoo upime wewe."

Akapima yeye. Tisini na tatu.

"Mita imepungua," Thuku alisema. "Mita inapunguaje?"

"Twende tukamuulize mtu anayejua."

* * *

Fundi Faris, mshonaji wa viti, alikuwa na kibanda Gede, karibu na njia panda, na tangu tuktuk ziingie pwani hakuna dereva ambaye hajakalia kazi yake. Alikuwa mzee mkavu, miwani imefungwa kwa uzi, na alikuwa mkali kwa kila kitu kilichotengenezwa baada ya mwaka wa sabini.

"Shikamoo, ami Faris."

"Marahaba, Mwanamina. Hamjambo nyumbani? Huyu nani, mume mpya?"

"Huyu ni adhabu yangu. Ami, nusa hiki."

Faris alinusa kopo, akachovya, akasugua kati ya kidole gumba na cha shahada. "Haya ni jasho la vinili, plastiki ya viti vyangu. Mmeikamua wapi?"

"Vinili ina jasho?"

"Keti." Alitoa kipande cha bomba jeupe la maji machafu, lile gumu, akakigonga mezani. Kando yake akaweka mkia wa mpira wa bustani. "Hawa ni ndugu, tumbo moja. Plastiki ile ile. Yenyewe kwa asili ni ngumu kama huyu. Kiwandani ndiko wanakoitia mafuta ya kulainisha. Wakitia kidogo, ina nguvu lakini kaidi, haipindi. Wakitia mengi, inakuwa laini kama sikio la paka, lakini haina mbavu, ukiivuta inarefuka hadi ikuaibishe. Katikati hapo ndipo penye ufundi. Na mafuta yenyewe yana tabia. Yako ya thamani, yanakaa. Yako ya rahisi, yanatoroka. Jua likiyaita yanakwenda. Mafuta mengine yakiyagusa yanakwenda."

"Na gesi ya kupikia?"

Faris aliivua miwani. "Nani mwendawazimu aliyepitisha gesi humu? Gesi huyafyonza kama mtoto na ndimu. Yatatoka, yataingia jikoni, na plastiki itabaki mifupa. Itakauka, na itasinyaa."

"Itafupika," Thuku alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa nyingine.

"Mtu akitolewa mafuta ya mwili hapungui?"

Mwanamina alitoa vipande viwili alivyovikata mbele ya mashahidi, kimoja cha bustani, kimoja cha jikoni. Faris alikata ukanda kutoka kila kimoja, upana mmoja, urefu wa shibiri, akazibana kanda zote mbili juu kwenye boriti, chini akafungia kila mmoja mfuko wa misumari wa kilo moja.

Ukanda wa bustani ulinyooka polepole. Shibiri moja ikawa moja na nusu. Akaongeza misumari. Zikawa mbili, zikakaribia tatu, ukanda umekuwa mwembamba kama kamba ya kiatu, kisha ukaachia na misumari ikamwagika. Ukanda wa jikoni haukujali. Faris akaongeza kilo ya pili, ya tatu, ya nne. Ukanda ulining'inia na mzigo wake wote, umenyooka tuli, haukurefuka hata upana wa kidole.

Thuku akavuta pumzi. "Madam, samahani. Lakini huu wa jikoni ndio wenye nguvu. Umebeba kilo nne, na ule laini umeshindwa na mbili. Kitu chenye nguvu hivi hakikatiki chenyewe."

Mwanamina alihisi joto likimpanda, safari hii si la hasira. Ilikuwa saa tano na nusu. Mbele ya hakimu, mwendesha mashtaka angesema hayo hayo, kwa Kiingereza.

"Ami?"

"Umemlea wapi huyu?" Faris alimuuliza Mwanamina, akimtazama Thuku. "Mzee wangu, nguvu si uzima. Marehemu babu yangu alipokuwa na miaka tisini mgongo wake ulikuwa umenyooka kama mlingoti, hutaupinda hata ungefanya nini. Siku alipoinama haraka kuokota kofia, tukamzika." Aliufungua ukanda mzigo, akampa Thuku mkononi. "Huo ulikuwa unaishi ukutani, umepindwa. Na kwa kuwa umefupika, ulikuwa unavutwa huku na huku juu ya huo upindo. Jana mtungi ulisogezwa?"

"Juzi usiku walibadilisha mtungi," Mwanamina alisema. "Imo kwenye taarifa."

"Basi. Upinde. Haraka."

Thuku aliupinda.

Taf.

Kilikuwa kisauti kidogo, kama biskuti. Thuku alisimama na vipande viwili mikononi. Aliziangalia zile nyuso za pale palipoachana. Laini. Safi. Kama wembe. Akatoa mfuko wa kielelezo, akaitazama ile ncha ya jikoni, akaitazama yake. Hakuna mtu ambaye angezitofautisha.

Aliviweka vile vipande viwili mezani, kimoja kimoja.

"Ulikatika," alisema.

* * *

"Niliuziwa," Eugene alisema. Walikuwa wamesimama mbele ya nyumba yake ndogo, nyuma ya loji, na saa ilikuwa sita na dakika kumi. "Inspekta, mimi ni mhanga hapa. Mwenye duka aliniambia ni wa gesi. Mimi najua nini mambo ya plastiki? Mpira ni mpira."

Mwanamina alikuwa amelijua jibu hilo tangu Gede. Lilikuwa jibu zuri, tena bovu, na lilikuwa na mahali pa kujificha. Asiyejua hana kosa. Mwenye duka angetafutwa, asipatikane, na Baya angebaki na bandeji zake pale Kilifi na neno "ajali".

Mwikali alikuwa amesema nini kuhusu mpira uliokuwa jikoni kabla ya huu wa machungwa? Hakusema, kwa sababu hakuulizwa. Mwanamina alikuwa amemuuliza Mwambire walipokuwa wakiingia. Mzee alijibu bila kugeuza kichwa: ulikuwa mweusi, mzito, mzima. Meneja aliuondoa, akasema umechoka.

"Ni kweli, meneja," Mwanamina alisema, na hasira yote ikamtoka usoni ikaenda kukaa mahali pengine. "Umedanganywa, masikini. Joto hili nalo, na mimi tangu asubuhi sijatia kitu kinywani. Huna hata kikombe cha chai kwa mwanamke mzima?"

Eugene akashusha mabega. "Ingieni, ingieni. Chai haikosi."

Alikuwa na jiko dogo la gesi, safi, meko mawili. Alitia maji, akawasha. Moto ukatoka wa buluu, hauna moshi, hauna masizi. Mwanamina aliusifu.

"Moto mzuri."

"Ah, kawaida."

"Hautemi mafuta?"

"Huu? Haujawahi. Ule wa jikoni ndio walikuwa wakinisumbua nao kila..."

Alisimama hapo. Thuku, nyuma yake, alikuwa na kalamu juu ya karatasi.

"Endelea," Mwanamina alisema. "Kila nini? Asubuhi ulisema hukupata malalamiko hata moja."

Kisha aliinama. Magoti yake yalilia, lakini aliinama, akaangaza tochi nyuma ya jiko. Mpira ulikuwa mweusi, mnene, mpira wa kweli, umepigwa mhuri wa gesi urefu wote. Aliufuata kwa mwanga hadi kwenye klipu. Hapo, karibu na ncha, palikuwa na tone dogo la rangi ya kucha. Jekundu.

"Thuku, njoo uone chombo cha harusi kilichoolewa."

Thuku akainama naye. Akaona. Alikuwa ameyaona matone yale yale kwenye sufuria asubuhi, na hakuyatilia maanani.

"Bwana Eugene," Mwanamina alisema akiinuka, na sasa sauti ilikuwa ile ya kwanza, ya kituoni, "kama mpira ni mpira, mbona wewe hukujifungia ule wa vilua?"

Eugene aliutazama mlango. Mzee Mwambire alikuwa amesimama pale na mpira wake wa bustani mkononi, maji yakimwagika bure kwenye kizingiti, na hakuonyesha dalili ya kutaka kuondoka.

"Sikujua kama mambo yangefika huko," Eugene alisema. "Nilidhani mpira utakauka tu, tununue mwingine."

"Ulijua unakauka."

Maji yalichemka, yakafurika, yakauzima moto. Mwanamina aliufunga mtungi mwenyewe, taratibu, akausikiliza hadi ukanyamaza.

Alimpigia simu mwendesha mashtaka saa saba kasoro dakika tano. Alizungumza kwa muda mfupi na kwa maneno machache, baadhi yake si ya kuandikwa kitabuni.

Saa nane kamili Mwikali hakuwa kizimbani. Alikuwa amekaa benchi la kituoni, aproni imekunjwa mapajani, anamtazama Koplo Thuku akiandika taarifa mpya. Thuku aliandika polepole, ulimi nje kidogo, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"'Mara ya kwanza nilikata kwa amri ya meneja,'" alisoma kwa sauti. "'Mara ya pili mpira u-ka-ka-ti-ka.'" Akampa karatasi. "Mama, angalia kama ni sawa kabla hujaweka kidole."

Mwikali aliichukua, akaipeleka mbali na macho, akaisoma mstari kwa mstari kama anayechambua mchele.

"Ni sawa," alisema. "Lakini ongeza kitu."

"Nini?"

"Andika mpira ule mweusi ni wa jikoni. Baya akipona tutauhitaji."

Thuku akachukua kalamu, akaandika hilo pia, na hakula hata herufi moja.